Mbaraka Mwinshehe Si “Shida” Peke Yake

Ukimtaja Mbaraka Mwinshehe pale kantini, kuna watakaokuuliza ni nani huyo, na kuna watakaoanza kuimba “Shida” hapo hapo. Hao wa pili ndio ninaotaka kuzungumza nao kwanza, maana wanadhani wanamjua. Baada ya “Shida” watakutajia “Jogoo la Shamba”, na yule aliyelelewa na babu mpenda redio ataongeza “Mtaa wa Saba”. Basi, orodha imekwisha. Mtu aliyetunga, akaimba na kupiga gitaa kwa miaka 14 hivi bila kupumzika, tumembakizia nyimbo tatu, tena za kuchezea harusini.

Kwetu Mpanda wapo watu ambao hesabu hiyo ya nyimbo tatu huwakera kwelikweli. Ni wazee wa Makanyagio, Kashaulili na Majengo, ambao walikuwa vijana wakati Mbaraka anavuma. Wakute kwenye kijiwe cha kahawa Jumapili, redio inapopiga zilipendwa. “Shida” ikianza hawashtuki, wanaendelea na bao lao. Lakini ukipigwa wimbo ambao haujasikika siku nyingi, kete zinabaki mkononi. Mmoja anawaonyesha wenzake kwa kidole gitaa litaingia wapi. Halafu unaanza ubishi: huu ni wa Morogoro Jazz au wa Super Volcano? Aliutoa kabla ya kwenda Japani au baada ya kurudi? Nimeusikia ubishi huo tangu nikiwa shule ya msingi, na hadi leo haujapata mshindi.

Shida ni kwamba wazee hao wakienda kwa vijana wanaojaza nyimbo kwenye memori kadi, wanarudi na zile zile. Kijana anaandika jina la Mbaraka kwenye kompyuta, zinatokea kadhaa, mzee anataja moja ambayo haimo, kijana anajibu kuwa hiyo haipo. Mzee analipa, anaondoka na “Shida” ambayo tayari anayo. Hilo ndilo lililonifanya niandike. Wimbo usiokuwepo kwenye kompyuta ya kijana yule umebaki kwenye kichwa cha mzee tu, na mzee ana miaka sabini na kitu.

Kwa hiyo maisha ya Mbaraka nitayaeleza kwa kupitia njia ya kando, yaani kwa kufuata zile nyimbo tunazoziruka. Ukizifuata hizo, unakutana na mtu mwingine kabisa.

Mbaraka Mwaruka Mwinshehe alizaliwa Juni 1944 huko Mzenga, Kisarawe, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Pwani. Mji uliomtengeneza ni Morogoro. Wakati huo Morogoro ulikuwa mji wa reli na mashamba ya mkonge. Palikuwa na vibarua, makarani na wafanyakazi wa reli, watu wenye mshahara, hata kama ni mdogo, na mwisho wa mwezi walitaka mahali pa kucheza. Muziki wa dansi ulikua juu ya mshahara huo. Bendi nyingi ziliitwa “jazz”, ingawa walichopiga hakikuwa jazz ya Wamarekani. Kilikuwa rumba na chachacha, muziki uliofika Afrika Mashariki kwa santuri za Kikuba zilizojulikana kwa herufi za GV, ukachanganywa na ngoma za nyumbani na kuimbwa kwa Kiswahili.

Mbaraka alipokuwa kijana, mfalme wa Morogoro alikuwa Salum Abdallah wa Cuban Marimba. Salum alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na uongozi wa bendi ukaangukia kwa Juma Kilaza. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 ndipo Mbaraka, aliyeacha shule kwa ajili ya gitaa, alipoingia Morogoro Jazz. Bendi hiyo ilianzishwa mwaka 1944, kwa hiyo ilikuwa rika lake. Aliikuta ina jina, lakini yeye ndiye aliyeipa sauti inayokumbukwa leo. Alipiga solo, akatunga, akaimba. Mtu mmoja kushika kazi zote tatu kwa kiwango kile lilikuwa jambo la nadra, na ndiyo maana mpaka leo watu humweka kwenye mizani moja na Franco wa Kongo.

Morogoro ikawa na bendi mbili kubwa zinazotazamana kama Simba na Yanga, Cuban Marimba upande mmoja na Morogoro Jazz upande mwingine. Ushindani huo ulikuwa na faida. Bendi isiyotunga wimbo mpya ilikimbiwa na wateja, kwa hiyo kila mmoja alitunga, na alitunga kuhusu kila kitu: mapenzi, wivu, ndugu wasumbufu, safari, misiba, siasa. Ukitaka kuona jinsi Mbaraka alivyotazama maisha ya watu wa kawaida, soma tu majina ya nyimbo zake. “Masimango” ni neno ambalo kila aliyewahi kulelewa kwa ndugu anajua uchungu wake. “Pole Dada” ni kauli unayomwambia mtu aliyeumia. “Mashemeji Wangapi” ni swali, na mtu mzima hahitaji kufafanuliwa kwa nini mume anaweza kuuliza swali la namna hiyo nyumbani kwake.

Sasa utauliza, Mpanda ilihusikaje na mambo ya Morogoro? Kwa njia mbili, redio na reli. Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ilikuwa ndiyo redio ya Bara, na studio yake ndiyo iliyorekodi bendi za nchi nzima. Bendi ilifika Dar, ikarekodi nyimbo kadhaa kwa siku moja, na muda si mrefu nyimbo hizo zikawa zinasikika mpaka kwenye vijiji vya Mpimbwe na Karema, mradi mwenye redio awe na betri. Reli nayo ni ile ile ya Kati. Treni inayotoka Dar inapita Morogoro, Dodoma na Tabora, na pale Kaliua tawi moja linakata kushoto kuja Mpanda. Tawi hilo lilijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mpanda. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, treni ikabaki. Mpanda ilikuwa mwisho wa reli, na mtu aliyetoka safari alishuka na mizigo, habari na santuri.

Mzee mmoja wa Katumba, makazi yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa wakimbizi kutoka Burundi, aliwahi kunieleza kuwa Kiswahili chake cha kwanza alikipata kwenye nyimbo za redio. Alikuwa anaziimba kabla ya kuzielewa. Maana zilikuja baadaye, moja moja, shambani na sokoni. Alinitajia nyimbo za Mbaraka kama sita hivi. Mbili tu ndizo nilizokuwa nimewahi kuzisikia.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz walipata safari ambayo bendi nyingine ziliiota tu. Maonyesho ya kimataifa ya Expo 70 yalifanyika Osaka, Japani, kuanzia Machi hadi Septemba, na wao ndio waliokwenda kuiwakilisha Tanzania kwa upande wa dansi. Hebu fikiria, nchi ina miaka tisa tangu uhuru, na vijana kutoka mji wa mkonge wanapanda ndege na magitaa yao kwenda Asia. Waliporudi, Mbaraka alikuwa na wimbo uitwao “Expo 70”. Ni wimbo ambao hautausikia harusini, wala hakuna didijei atakayeupiga saa nane usiku. Lakini ni kumbukumbu ya Mtanzania wa kawaida kuiona dunia ya mbali, iliyotengenezwa na yeye mwenyewe kwa lugha yake mwenyewe. Sisi tukienda Dodoma kwa semina ya siku mbili tunajaza stetasi. Mbaraka alikwenda Osaka, akarudi na wimbo.

Mwaka uliofuata likatokea jambo zito. Tarehe 25 Desemba 1971, Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipigwa risasi na kuuawa huko Ismani na mkulima aitwaye Said Mwamwindi. Kleruu alikuwa anasimamia kwa nguvu uanzishaji wa vijiji vya ujamaa, Mwamwindi alikuwa mkulima mwenye shamba kubwa. Mwamwindi alishitakiwa na kunyongwa. Nchi ilitikisika, na Morogoro Jazz wakatoa wimbo wa maombolezo uitwao “Dk. Kleruu”.

Niliutumia wimbo huo mwaka jana nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, TP, katika sekondari moja ya Mpanda. Nilipewa Historia Kidato cha Nne, mada ya Azimio la Arusha na yaliyofuata. Mnajua wenyewe hali ilivyo. Tunafundisha kwa Kiingereza, mwanafunzi anakariri sababu sita na matokeo sita, kipindi kinaisha. Siku hiyo nikaja na simu na spika ndogo. Wimbo ulipoisha, darasa lilikuwa kimya, halafu maswali yakaanza kumiminika, kwa Kiswahili. Kwa nini alimuua? Kwa nini bendi ya dansi iimbe msiba? Mwimbaji alikuwa upande wa nani? Mmoja akauliza kama kuna wimbo wa upande wa Mwamwindi. Hilo ndilo swali bora nililoulizwa kwa wiki zote za TP, na linatoka moja kwa moja kwenye somo letu la namna ya kupima chanzo cha historia: nani alirekodi, studio ilikuwa ya nani, na nani hakupata nafasi ya kusikika. RTD ilikuwa chombo cha serikali. Bendi ilijua hivyo, na msikilizaji wa leo anapaswa kujua hivyo pia.

Simwiti Mbaraka mwanasiasa. Alikuwa mwanamuziki wa zama zake, na zama zile bendi zilitegemewa kuimba Azimio, kilimo na umoja pamoja na mapenzi. Ninachosema ni kuwa tukimwacha kwenye “Jogoo la Shamba” peke yake, tunapoteza upande huu wote.

Mwaka 1973 akafanya uamuzi mkubwa. Aliondoka Morogoro Jazz, bendi iliyompa jina, akaunda yake, Super Volcano. Kuondoka kwenye bendi wakati ule hakukuwa sawa na msanii wa leo kuhama lebo. Ilibidi utafute vyombo, magitaa, vipaza sauti na ngoma, kisha uwashawishi wapigaji waache mkate wao wakufuate. Super Volcano walikuja na mtindo wao, Masika, na gitaa la Mbaraka likapata nafasi ndefu zaidi ya kutamba. Wazee wa kijiweni kwetu wamegawanyika hapa. Wapo wanaoapa kuwa Mbaraka halisi alibaki Morogoro Jazz, wengine wanasema Super Volcano ndiko alikokomaa. Mimi naegemea hawa wa pili, ingawa babu yangu akisoma mstari huu atanuna.

Na hapa ndipo tunapopata jibu la kwa nini nyimbo chache zimebaki hai na nyingine zimezama. Tanzania ya miaka ya 1970 haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Wimbo uliorekodiwa RTD ulikaa kwenye tepu ya RTD. Ulipigwa redioni, ukampa mwanamuziki jina kuliko pesa, lakini huwezi kuingia dukani ukaununua. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi, kwenye makampuni ya rekodi. Mbaraka alikwenda huko, na santuri zake ziliuzwa sana Kenya kama zilivyouzwa kwetu. Ndiyo maana hata leo Mkenya wa makamo anaweza kukuimbia “Shida” mwanzo mwisho akadhani Mbaraka ni wa kwao.

Santuri zile ndogo nazo zilikuwa na mambo yake. Upande mmoja uliingiza dakika chache tu, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili ukigeuza. Sehemu ya kwanza ilibeba maneno. Ya pili ndiyo iliyoachia magitaa yazungumze na wachezaji wakatoka jasho. Malalamiko makubwa ya wazee wetu ni kuwa siku hizi watu hupiga upande wa kwanza tu. Mtu amesikia “nusu ya Mbaraka” maisha yake yote na hajui.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Biashara ilikwama, ndugu wakatenganishwa, lakini muziki wa Mbaraka uliendelea kusikilizwa pande zote mbili. Mwishoni mwa 1978 Tanzania iliingia vitani na Uganda ya Idi Amin. Vita ikiendelea, Januari 1979, Mbaraka akiwa Kenya, alipata ajali ya gari Mombasa na kufariki. Alikuwa na miaka 34. Salum Abdallah alikuwa ameondoka kwa njia hiyo hiyo miaka 14 kabla. Morogoro ilipoteza magwiji wake wawili barabarani.

Baada ya kifo chake, kampuni ya rekodi ya Kenya ilikusanya nyimbo zake kwenye santuri kubwa zilizoitwa “Ukumbusho”, zikatoka kwa mfululizo. Kwa wapenzi wengi wa leo, Mbaraka ni yale yaliyoingia kwenye “Ukumbusho” na kanda za kaseti zilizonakiliwa kutoka humo. Tuwashukuru, bila wao tungekuwa na kidogo zaidi. Lakini mkusanyiko wowote huacha vitu nje, na televisheni haikuwepo Tanzania Bara enzi zake, kwa hiyo hatuna hata picha za kutosha za kumwona akipiga. Aliyemwona jukwaani anabaki kuwa shahidi.

Tepu za RTD zipo, sasa ziko chini ya TBC. Ni hazina ya nyimbo za miongo kadhaa. Lakini tepu ya sumaku huzeeka. Inakauka, inanata, inapoteza sauti. Wapo waliojaribu kuzihamishia kwenye kompyuta, na kazi hiyo inahitaji pesa, mitambo na uamuzi wa wakubwa. Sisi wanachuo hatuna mitambo, na boom letu linajulikana linaishia wapi. Ila kuna kitu ambacho tepu hazina na sisi tunaweza kukipata, nacho ni wasikilizaji wenyewe.

Tepu inaweza kutunza sauti ya “Masimango”. Haiwezi kukuambia kuwa huko Mpanda kulikuwa na mama aliyekuwa anazima redio kila wimbo huo ukianza kwa sababu ulimkumbusha nyumba aliyokulia. Haiwezi kukueleza watu wa Kawajense walicheza vipi Masika bila kumwona Mbaraka hata siku moja, wakibuni mitindo kwa kusikia tu. Hayo yako kwa babu na bibi zetu. Wakiondoka nayo, hata TBC ikisafisha tepu zote, tutakuwa na nyimbo zisizo na watu.

Kwa wale tunaosoma ualimu hili ni jambo la kazi kabisa. Tumefundishwa kuwa masimulizi ni chanzo cha historia, tumejibu maswali yake kwenye UE, tumepata alama. Likizo inayokuja ni ndefu. Ukifika nyumbani, iwe Mpanda, Inyonga, Songea au Tanga, mkalie mzee mmoja wa rika hilo na umuulize wimbo gani wa Mbaraka haupigwi tena. Usianze na “Shida”, atakuona mtoto. Mwombe ruhusa, washa kinasa sauti cha simu, mwache aimbe kadiri anavyokumbuka, kisha muulize alikuwa wapi aliposikia mara ya kwanza, redio ilikuwa ya nani, alikuwa na nani. Andika jina la wimbo, mahali na mwaka unaokisiwa.

Mimi nimeanza na zile nyimbo sita za mzee wa Katumba. Mbili nilizijua, mbili nimezipata kwa mtu mwenye kaseti Tabora, na mbili bado sijaziona popote. Ninazo kwa sauti yake tu, anaimba huku akipiga meza kwa vidole mahali ambapo gitaa lilipaswa kuingia.